Kable bila njia inategaka muntu

Siku ya posho moja ya mwezi wa sita, tulitoka inje ya muji, ku njia ya Kasenga, pahali taa za Lubumbashi haziharibu giza. Tulikuwa watu kama makumi mawili: wachimbaji, bibi zao, na watoto wenye kujifunika mablanketi juu ya baridi. Katikati ya kiwanja nilisimamisha darubini ndogo yenye kushika apareyi ya picha. Mtoto wa jirani yangu, mwanaume wa miaka tisa, akasikia wenzake wanamuita: "Kuya uone!" Akakimbia. Mguu wake ukakamata kable ya batri. Akaanguka, na darubini ikaanguka inyuma yake. Kile chuma cha kilo 5 chenye kushika usawa kikapiga udongo karibu na sikio lake.

Kidevu kilipasuka. Tulimupeleka wakamushona nyuzi tatu. Mama yake hakunitukana. Aliniangalia tu, kiisha akasema: "Papa delege, si weye njo unafundishaka batu sekirite ku kazi?"

Niliitaka kumujibu: "Mama, mtoto alikimbia." Neno lilifika mpaka ku ulimi. Nikalimeza, kwa sababu nililikumbuka. Nililisoma zamani mu raporo moja, na nitawaeleza ilikuwa raporo gani. Lakini mbele tuseme juu ya kable.

Delege na nyota

Wengine mutauliza: mtu wa sendika na mambo ya nyota, wapi na wapi? Tarehe 21 mwezi wa sita 2001 nilikuwa kijana. Ku Lusaka, kwa jirani zetu, jua lilifunikwa lote mchana. Huku kwetu halikufunikwa lote, lakini sehemu kubwa yake ilienda, na mwangaza ukafifia kama wa magaribi, kumbe ilikuwa saa tisa ya mchana. Muzee wangu, aliyefanya kazi mu kina miaka mingi, alisimama mu lupango akasema: "Chini tunapajua. Juu, hapana." Lile neno lilibaki na mimi.

Miaka mingi inyuma, fundi mmoja wa mawe, mgeni, alimaliza kontra yake, akaniuzia darubini yake bei ya kirafiki. Mu inchi ya Kenya (siyo komine yetu ya Kenya, ile inchi), Susan Murabana na bwana wake Chu Owen wanazungusha darubini ku masomo, watoto waone mwezi na sayari kwa macho yao. Siye tuko na kikundi kidogo tu, na mashini moja. Lakini mtoto wa mchimbaji akiona kwa mara ya kwanza milima ya mwezi, anauliza maulizo ambayo hata mwalimu wake hajapata kuulizwa.

Sasa, kutazama kwa jicho ni kitu kimoja, kukamata picha ni kingine. Kwa jicho hauhitaji umeme mwingi. Kwa picha unahitaji, na umeme ukiingia, kable zinaingia. Pale ndipo nilijisahau, mimi mtu wa umeme mwenye kuzeeka kati ya kable.

Mashini tunaita shingo

Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota zinaonekana zikitembea toka mashariki kuenda magaribi. Ukifungua apareyi ya picha kwa dakika mbili bila kufuata, kila nyota inakuwa musitari. Kwa hiyo darubini inakalia mashini yenye motere, Wafaransa wanaita monture. Mu kikundi chetu tunaiita shingo, kwa sababu inageuza kichwa polepole bila mwili kutembea. Inafanya muzunguko moja mu saa 23 na dakika 56, sawa na nyota.

Ili ifuate vizuri, muhimili wake mukubwa lazima uelekee ku ncha ya kusini ya mbingu. Huku Lubumbashi ile ncha iko digri 12 hivi tu juu ya upeo, karibu na vichwa vya miti. Mashini nyingi zilifikiriwa kwa Ulaya, kwenye muhimili unasimama juu sana. Kwetu inabidi ilale, karibu kugusa. Ikilala, ile fimbo ya chuma cha usawa inashuka kati ya miguu tatu na inaweza kuigonga. Na kable ambazo mu kitabu cha maelezo zinaning'inia huru, huku zinalalia miguu na kufungika. Kile kitabu hakikuandikwa na mtu wa Katuba.

Tena ile shingo inasikia kila kitu. Darubini yetu ni ya milimita 400. Kwa apareyi yetu, kila nukta ya picha inashika sekunde 2 za digri. Mujue sekunde moja ya digri ni ginsi gani: ni sawa na kutazama jiwe la sentimita 1 ukiwa mbali kilomita 2. Kable nzito yenye kuvuta darubini kidogo sana, kidogo ambacho mkono hausikii, tayari nyota inatoka mukia. Binti yangu njo aliona wa kwanza: "Papa, nyota zote zinavuta mukia upande moja." Nilisema ni motere mbaya. Haikukuwa motere. Ilikuwa kable.

Kwanza: toa kable unayoweza kutoa

Usiku ule wa ajali nilikuwa na kable sita. Batri kuenda ku shingo. Batri kuenda ku apareyi ya picha. Batri kuenda ku mikanda ya joto yenye kuzuia umande kukalia lanzi. Shingo kuenda ku ordinatere juu ya meza. Apareyi ya picha kuenda ku ordinatere. Na kamera ndogo yenye kulinda nyota, ile inayorekebisha shingo ikikosea, nayo kuenda ku ordinatere. Meza yenyewe ilikuwa metre nne mbali, na watu walipita kati.

Wazee wetu wa kina wanakumbuka taa za zamani. Batri nzito ilikuwa ku mukaba, na kable ilipanda ku mgongo mpaka ku kofia. Ile kable ilikamata ku vyuma, ku ngazi, ku kila kitu. Leo taa nyingi zina batri ndani ya kofia yenyewe. Haikukuwa mapambo. Walitoa kable kwa sababu kable isiyokuwepo haikamate muntu.

Tulifanya vile vile. Ordinatere ya meza tuliacha. Tulitia ordinatere ndogo sana, kama pakiti ya sigara, tukaifunga juu ya darubini yenyewe. Sasa kable za mawasiliano ni fupi, sentimita 30 hivi, na zinageuka pamoja na darubini: hakuna kinachovutwa. Binti yangu anaangalia picha ku telefone, bila waya. Hii ina faida ingine: kable ya USB ya kawaida haipashwe kupita metre 5, na ile ya mwendo mukubwa ni vizuri isipite 3 hivi. Ukizidisha, mawasiliano yanakatika katikati ya picha, na unafikiri mashini imekufa.

Na umeme pia tuligawanya kule juu. Kable moja tu nene inatoka chini, inafika ku kisanduku kidogo juu ya darubini, na pale inagawanyika. Toka sita, imebaki moja yenye kugusa udongo. Moja.

Shaba yetu inarudia kwetu

Ile moja iliyobaki, munaambiwa: "Tafuta waya yoyote." Hapana. Tuhesabu pamoja, ni hesabu ya sekondari.

Vyombo vyetu vyote pamoja vinakula ampere 5 hivi, ku volti 12. Kable ina metre 5, lakini umeme unaenda na kurudi, ni metre 10 za shaba. Kama waya ni nyembamba, ya milimita 0.5 mraba, unapoteza volti 1.75 mu njia. Batri inatoa 12, ku darubini inafika kidogo kupita 10. Shingo inaanza kutetemeka ao inajizima yenyewe. Na waya ya milimita 2.5 mraba, unapoteza volti 0.35 tu. Kazi ile ile, batri ile ile. Tofauti ni shaba.

Njo sababu ile line kubwa ya Inga mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1,700, iliyoanza kazi mu 1982 kwa kuletea mashimo yetu umeme, inabeba volti 500,000. Ukipandisha volti, ampere zinapunguka, na njia inakula kidogo. Siye na batri ya volti 12 hatuwezi kupandisha. Tunabaki na dawa mbili: kufupisha kable na kuinenepesha.

Na mufungue macho ku soko. Kuna waya yenye rangi nzuri nyekundu ya shaba, kumbe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu tu. Bei inafurahisha. Lakini inapoteza umeme karibu mara moja na nusu kupita shaba ya kweli, na ukiikunja kila wiki inavunjika ndani bila kuonekana. Kwangula ncha kwa kisu: ikitoka nyeupe, rudisha. Ni haya kubwa, siye tunaoondoa shaba mu udongo, kuuziwa waya bila shaba.

Pili: kable yenye kubaki, uipe njia

Kable yenye kutembea inahitaji njia, na njia inahitaji urefu wa ziada pahali panapofaa. Si pahali popote. Ukiacha urefu kila pahali, unatengeneza mitego. Ukikaza kila pahali, unavunja prizi.

Tunafanya hivi. Kable inapanda toka batri, inafungwa ku muguu moja wa zile tatu kwa mukanda wa kushikana, siyo kwa plastiki ya kukaza ambayo inakata ngozi ya waya. Kisha inapita karibu kabisa na pahali mihimili miwili inakutana. Ni sababu gani? Kwa sababu karibu na muhimili, darubini ikigeuka, kable inatembea kidogo sana. Ukiifunga mbali, ku ncha ya darubini, itatembea metre nzima. Pale ku mihimili tunaacha pete moja ya ziada, upana kama sahani ya chakula. Inatosha kwa kugeuka kote.

Tena, prizi yenyewe isibebe uzito. Sentimita 10 mbele ya prizi, tunafunga kable ku mwili wa apareyi. Mtu akivuta kwa bahati mbaya, anavuta ule mukanda, siyo ile prizi ndogo yenye kushikwa na bati nyembamba.

Somo hili tulilipa kwa feza. Mwisho wa mwezi wa sita, karibu saa sita ya usiku, kundi la nyota la Sagittaire linapita karibu juu ya kichwa. Tulikuwa tunakamata picha ya ule wingu mwekundu Wafaransa wanaita Lagune, zaidi ya miaka 4,000 ya mwanga toka kwetu. Wakati kitu kinapita katikati ya mbingu, shingo ya aina yetu inabidi ijipindue: darubini inatoka upande huu inaenda upande mwingine, isigonge miguu. Inafanya yenyewe, wakati watu wanakunywa chai. Kable moja ya mawasiliano ilikamatwa na kifungo cha kukazia. Motere haina macho; iliendelea kusukuma. Tukasikia "tak". Prizi ya kamera ikang'oka nzima.

Tangu siku ile hatuanzi usiku bila kupima mchana. Tunazima motere, tunalegeza mihimili, tunageuza darubini kwa mkono pande zote, mpaka kule ambako itajipindua, polepole. Mmoja anageuza, mmoja anaangalia kable tu. Kama kable inakazwa ao inalalia kifungo, tunasimama, tunapanga upya. Dakika kumi. Ni bei rahisi kupita prizi.

Tatu: batri si kitu cha kuchezea

Batri ya motokari ya volti 12 haipige mtu kama umeme wa nyumba. Kwa hiyo watu wanaizarau. Lakini ncha zake mbili zikigusana, inaweza kutupa mamia ya ampere, na waya inakuwa nyekundu mbele haujasema neno. Kwa hiyo fuzible ya ampere 10 inakaa karibu na ncha ya pamoja ya batri, sentimita 15 ao 20, siyo mbali ku darubini. Fuzible inalinda kable. Kama iko ku mwisho wa kable, haina kitu cha kulinda.

Batri ya risasi ya ampere-saa 100, usiinywe yote. Nusu tu, yaani 50. Ku ampere 5 ni saa 10, usiku mzima. Ukiizoeza kumaliza mpaka chini, mwaka haupiti imekufa. Kuna batri mpya za litiamu na chuma na fosfati. Ni nyepesi na unaweza kutumia sehemu kubwa zaidi. Ndugu wa Kolwezi wasikilize vizuri hapa: zile batri hazina kobalti hata kidogo. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na wenye kutengeneza batri wanajua kufanya bila hiyo. Wakati tunajadiliana kontra, tusifikiri dunia inatuhitaji milele bila masharti.

Na batri yetu sasa inakaa chini kabisa ya miguu tatu, ndani ya sanduku la mbao. Haiko ku meza, haiko mu motokari yenye mulango wazi. Kable haitoki inje ya kivuli cha miguu tatu. Tunazungusha kamba nyeupe kwa vijiti, metre mbili pande zote, na taa ndogo nyekundu ku kila kijiti. Nyekundu haiharibu macho mu giza. Mtu anaingia mule ndani mmoja mmoja, akishikwa mkono.

Ile raporo

Sasa niseme niliyoahidi. Miaka imepita. Mu shimo moja, kampuni sitaitaja, pelle ya umeme ilikuwa inakula kwa kable yake nene yenye kulala chini na kuvutwa inyuma, yenye maelfu ya volti. Njia ya kable ile haikukuwa imewekwa. Hakukuwa na daraja la kuipitisha juu, hakukuwa hata mawe ya kuonyesha. Kamio moja ikapita juu yake. Ngozi ikapasuka. Walifunga na shatertoni, kazi ikaendelea. Siku mbili inyuma, msaidizi wa fundi, rafiki yangu, alitumwa kuisogeza. Umeme haukukatwa, haukufungwa na kadenasi, hakuna mtu aliyepima kama kweli umekufa. Mikono yote miwili iliungua. Anaishi, lakini vidole vyake havifungi kifungo cha shati.

Raporo ilikuwa na musitari moja juu ya sababu: mfanyakazi hakuangalia.

Tulibishana miezi. Siye tuliuliza: nani aliweka kable? Nani aliipa njia? Nani alisema irudiliwe kazi na shatertoni? Walijibu kila mara juu ya mikono ya rafiki yangu: iliwekwa wapi, ilikuwa na ganti gani. Hatukushinda yote. Tulipata dawa zake zilipwe, na tangu pale ile kable iliwekewa daraja.

Ndugu zangu, usiku ule ku njia ya Kasenga, mama wa mtoto akiniangalia, neno lililofika ku ulimi wangu, "mtoto alikimbia", lilikuwa musitari ule ule. Ni kweli alikimbia. Watoto wanakimbiaka. Wachimbaji wanachokaka. Kamio zinapitaka. Yule mwenye kuweka kable anajua haya yote mbele ya kuiweka. Kwa hiyo mtu akianguka, ulizo la kwanza siyo "Kwa nini haukuangalia?" Ulizo la kwanza ni "Nani aliweka kable hapa?" Usiku ule aliyeiweka alikuwa mimi, na nilimuambia mama hivyo, mbele ya watu wote.

Juma lililofuata niliandika raporo yangu mwenyewe, ukurasa moja, nikaisoma mu kikundi. Halafu tukatengeneza yale niliyowaeleza hapa.

Nyumbani kwenu pia mutazame. Waya ya frigo yenye kupita mulangoni. Ralonge yenye kulala chini ya nailoni ya meza. Jenereta ya jirani yenye kutuma umeme kwa waya mbili zilizofungwa ku muti. Kwanza, ile unayoweza kutoa, itoe. Pili, yenye kubaki, uipe njia. Tatu, zima, funga, pima mbele ya kugusa. Haya ni yale yale tunayodai mu shimo; tukiyaacha nyumbani, tutayadai na uso gani?

Yule mtoto alirudi mwezi wa saba, kovu ndogo ku kidevu. Kazi yake sasa ni kuangalia kable wakati binti yangu anageuza darubini. Siku ya kwanza alisimamisha kila mtu, akaonyesha na kidole: "Papa delege, hapa inakazwa." Nilienda kuangalia. Ilikuwa kweli.